Nani Aligusa Faili? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ukaguzi wa Seva

Maswali ya toleo hili yote yanahusu kuwasha na kusoma ukaguzi wa usalama, yaani kurekodi nani alifanya nini kwenye seva, kwa mstari wa amri. Pasipotajwa kitu kingine, tunazungumzia Ubuntu au Debian ya miaka ya karibuni. Jamii ya Red Hat tunaitaja inapotofautiana. Amri zote zinahitaji uwezo wa root (akaunti yenye mamlaka yote), kwa hiyo tangulizeni `sudo`.

SWALI: Hamjambo wahariri. Sacco yetu ina seva moja ya Ubuntu inayosimamiwa na watu watano, na wote huingia kama root kwa nywila ileile. Majuzi tulikuta akaunti ngeni ndani ya /etc/passwd na kila mtu akaruka. Mkaguzi wa nje anataka tuwashe ukaguzi. Tuanzie wapi? — Msimamizi, Ruaraka

JIBU: Msianze na ukaguzi, anzeni na akaunti. Mkiwasha ukaguzi leo huku watu watano wakiingia kama root, daftari litawaambia kwamba root ndiye aliyefanya, jambo ambalo mnalijua tayari.

Kabla ya yote, wahini kumbukumbu za zamani. `useradd` huacha mstari wake katika /var/log/auth.log, na Ubuntu kwa kawaida huhifadhi faili hilo kwa wiki chache tu kabla ya kufuta. Endesheni `zgrep 'new user' /var/log/auth.log*`, kisha mlinganishe saa hiyo na orodha ya `last` ili mwone ni anwani gani ya IP ilikuwa imeingia. Nakilini mafaili hayo nje ya seva leo hii. Ukaguzi mtakaouwasha sasa hauwezi kurudi nyuma.

Baada ya hapo mpeni kila mmoja akaunti yake na sudo:

`adduser wanjiru`
`usermod -aG sudo wanjiru`

Kila mtu akishathibitisha kwamba anaingia na sudo inamkubali, wekeni `PermitRootLogin no` ndani ya /etc/ssh/sshd_config, mpime kwa `sshd -t`, kisha `systemctl reload ssh`. Acheni dirisha la pili likiwa limeingia tayari wakati mnafanya hivyo. Mkikosea herufi moja mtajifungia nje.

Sababu ya kusisitiza hivi ni namba inayoitwa auid. Mtu anapoingia, moduli ya pam_loginuid humbandika namba ya akaunti yake, na namba hiyo humfuata hata akifanya `sudo -i` au `su -`. Uid itakuwa 0, lakini auid itabaki 1004. Hakikisheni moduli ipo kwa `grep pam_loginuid /etc/pam.d/*`, iwemo angalau katika sshd, login na cron. Kisha ingieni upya, mfanye `sudo -i` na kuandika `cat /proc/self/loginuid`. Mkiona namba yenu wenyewe, msingi uko sawa. Mkiona 4294967295, maana yake haikuwekwa.

Sasa kifurushi cha auditd, programu inayoandika rekodi za ukaguzi: `apt install auditd audispd-plugins`. Kwenye Red Hat, Rocky na AlmaLinux kinaitwa `audit` na kwa kawaida kipo tayari. Kanuni huandikwa katika mafaili yenye kishio cha .rules ndani ya saraka /etc/audit/rules.d/. Undeni faili 30-sacco.rules lenye mistari hii:

`-a always,exit -F arch=b64 -F path=/etc/passwd -F perm=wa -F key=akaunti`
`-a always,exit -F arch=b64 -F path=/etc/shadow -F perm=wa -F key=akaunti`
`-a always,exit -F arch=b64 -F path=/etc/group -F perm=wa -F key=akaunti`
`-a always,exit -F arch=b64 -F path=/etc/sudoers -F perm=wa -F key=sudo`
`-a always,exit -F arch=b64 -F dir=/etc/sudoers.d/ -F perm=wa -F key=sudo`
`-a always,exit -F arch=b64 -S execve -F euid=0 -F auid>=1000 -F auid!=unset -F key=amri_root`

Rudieni kila mstari mkibadilisha b64 kuwa b32. Programu ya biti 32 inaweza kukimbia juu ya keneli (kiini cha mfumo) ya biti 64, na miito yake, yaani maombi inayoipelekea keneli, ina namba tofauti: execve, mwito wa kuendesha programu, ni 59 upande wa b64 na 11 upande wa b32. Mkiacha b32, mmeacha mlango wa nyuma. Herufi w na a katika perm ni kuandika na kubadilisha sifa. Msiongeze r kwenye /etc/passwd, kwa sababu hata `ls -l` hulisoma faili hilo. Mtaona pia maandiko mengi yanayotumia mtindo mfupi wa `-w /etc/passwd -p wa -k akaunti`. Bado unafanya kazi, ila watunzaji wa auditd wanashauri uachwe kwa sababu unaangaliwa kwenye miito yote na hula nguvu zaidi.

Pakieni kwa `augenrules --load`, kisha mthibitishe kwa `auditctl -l`. Hesabuni mistari. Mkikuta imepungua, kuna kosa njiani: upakiaji husimama kwenye kanuni ya kwanza mbovu na zote zilizo chini yake hazipakiwi. Kosa linalojirudia zaidi ni kanuni ya `dir=` inayotaja saraka isiyokuwepo, mfano /etc/selinux kwenye Ubuntu.

Angalieni kwamba kanuni ya execve inachuja kwa auid, lakini zile za mafaili hazichuji. Ni makusudi. Mtu akiandika huduma ya systemd na kuiwasha kwa `systemctl start`, mchakato huzaliwa na systemd, si na yeye, hivyo auid yake huwa tupu. Vivyo hivyo kwa mtu aliye kwenye kundi la docker anayeipachika /etc ndani ya kontena. Kanuni ya /etc/passwd yenye `auid>=1000` isingewaona hao wote wawili.

Jaribuni kwa kuongeza akaunti ya majaribio na kuifuta, kisha `ausearch -k akaunti --start today -i`. Katika rekodi ya SYSCALL tafuteni auid (aliyeingia), uid (aliyekuwa wakati huo), exe (programu), tty, ses (kikao) na success. Kwa ses mnaweza kufuata kikao kizima tangu mwanzo: `ausearch --session 12 -i`.

SWALI: Nilinakili kanuni zote za ukaguzi kutoka kwenye mwongozo mmoja wa usalama na kuziweka kwenye seva ya hifadhidata. Sasa seva ni nzito, na nikitafuta tukio la asubuhi nakuta kumbukumbu zinaanzia saa moja tu iliyopita. Nimefungua nafasi ya diski GB 200 lakini haijasaidia. — K.O., Industrial Area

JIBU: Diski haikuwa tatizo. auditd haitumii nafasi unayompa, hutumia ile uliyomwandikia katika /etc/audit/auditd.conf, na kiasi cha kawaida ni kidogo mno: `max_log_file = 8` na `num_logs = 5`. Hiyo ni MB 8 mara mafaili 5, jumla MB 40. Tukio moja la execve lina rekodi kadhaa (SYSCALL, EXECVE, CWD, PATH mbili, PROCTITLE) na kwa pamoja hufika kilobaiti moja hadi mbili. Chukua 1.5. Amri moja kwa sekunde inajaza MB 40 kwa saa saba na nusu hivi. Amri 20 kwa sekunde, kitu ambacho skripti moja ya ufuatiliaji inaweza kufanya bila aibu, zinajaza kwa dakika 23. Weka:

`max_log_file = 50`
`num_logs = 20`
`max_log_file_action = ROTATE`
`space_left_action = SYSLOG`
`admin_space_left_action = SUSPEND`

Hiyo ni GB 1. Ukiweza, ipe /var/log/audit sehemu yake ya diski, kwa sababu space_left hupimwa kwenye sehemu ambamo kumbukumbu zimo, na faili kubwa la programu nyingine likijaza /var litakunyima ukaguzi. Miongozo mingi hudai `admin_space_left_action` iwe HALT. Elewa unachokubali: nafasi ikipungua usiku, seva itajizima. Kwa benki yenye seva pacha na mtu wa zamu, sawa. Kwa seva moja inayopokea malipo ya M-Pesa, sisi tungeweka SYSLOG (kuonya) na SUSPEND (kuacha kuandika), na onyo la simu kabla hatujafika huko.

Sasa uzito. Angalia `auditctl -s`. Mistari ya kutazama ni backlog_limit, lost, backlog na backlog_wait_time. Keneli huweka rekodi kwenye foleni na auditd huzichukua. Foleni ikijaa, mchakato uliosababisha tukio husimamishwa usubiri. Hapo ndipo hifadhidata yako inapokwama, bila kosa lolote kwenye kumbukumbu zake. Kama lost si 0, umeshapoteza rekodi. Watu hukimbilia kuongeza `-b 8192` hadi 65536, na kweli hiyo husaidia wimbi la muda mfupi, kama nakala rudufu ya usiku. Ikiwa mvua ya matukio hainyeshi kwa vipindi bali mchana kutwa, foleni ndefu inachelewesha tatizo tu. Kuweka `--backlog_wait_time 0` kunaondoa kusubiri, lakini rekodi zinazozidi zinatupwa. Hilo ni chaguo halali, mradi umelifanya ukijua.

Tafuta mwenye kelele:

`aureport --start today --key --summary`
`aureport --start today -x --summary`

Ya kwanza inapanga lebo (key) kwa wingi wa matukio, ya pili inapanga programu. Karibu kila mara utakuta moja au mbili zimebeba mzigo wote. Washukiwa wa kawaida ni hawa.

Kanuni ya kubadilisha saa. Mwongozo husema ufuatilie adjtimex, settimeofday na clock_settime, nao chronyd huita adjtimex mfululizo kurekebisha saa ya seva. Mtoe kwa jina, na mstari huu uwe juu ya ule unaofuatilia:

`-a never,exit -F arch=b64 -S adjtimex -F auid=unset -F uid=_chrony`

Kwenye Red Hat mtumiaji huyo anaitwa chrony, bila mstari wa chini. Mpangilio una maana: keneli husoma kanuni kutoka juu na ya kwanza inayolingana ndiyo inayotumika. Kwa hiyo za `never` ziweke kwenye faili linaloanza na 20-, na za kufuatilia zianze na 30-. Ukizipindua, ile ya never haitafikiwa kamwe na hutapata kosa lolote la kukuonya.

Kanuni ya kufuta mafaili (unlink, rename) isiyo na kichujio cha auid. Hifadhidata huunda na kufuta mafaili ya muda kila sekunde, na kila moja ni tukio. Ongeza `-F auid>=1000 -F auid!=unset` ubaki na vitendo vya watu.

Kanuni nyingi ambazo zingekuwa moja. Kila mwito wa mfumo hulinganishwa na orodha, kwa hiyo mistari mitano ya `-S` moja moja ina gharama zaidi kuliko mmoja wenye `-S openat,open,creat,truncate,ftruncate` na `-F exit=-EACCES`. Ziunganishe zinapokuwa na vichujio na lebo sawa.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka ambao hatuupendi: kutupa rekodi za CWD ili kupunguza ukubwa. Ni kweli utapunguza. Lakini mtu akiandika `cat shadow` akiwa ndani ya /etc, rekodi ya PATH inaweza kubeba jina "shadow" peke yake, na bila CWD hujui ni shadow ipi.

Kwa maoni yetu anza upya. Futa faili lote ulilonakili, uandike kwenye karatasi maswali ambayo ungependa kujibiwa siku ya mkasa: nani alibadilisha akaunti, nani aliendesha amri kama root, nani aligusa mafaili ya mipangilio ya hifadhidata, nani alijaribu kusoma akakataliwa. Kila swali lina kanuni mbili au nne. Lisilo na swali halina kazi hapo.

SWALI: Kanuni nilizoongeza kwa `auditctl -a` zilipotea baada ya umeme kukatika. Nilipojaribu `systemctl restart auditd` kwenye Rocky Linux ilinikatalia. Mwenzangu naye anasema niweke `-e 2`. Ni nini hiyo? — Fundi, Embakasi

JIBU: Unachoandika kwa auditctl kinaishi kwenye kumbukumbu ya keneli tu. Cha kudumu kiwe ndani ya /etc/audit/rules.d/. Usihariri /etc/audit/audit.rules moja kwa moja, maana augenrules huliandika upya kila mara.

Kukataliwa na systemctl ni kwa makusudi. Jamii ya Red Hat wamezuia auditd isizimwe kwa systemctl kwa sababu amri ingetumwa kupitia systemd, na auid ya aliyezima isingeandikwa. Tumia `service auditd restart`. Kama umebadilisha kanuni tu, huhitaji kuwasha upya chochote. Amri ya `augenrules --load` inatosha.

`-e 2` hufunga kanuni hadi seva iwashwe upya. Ukishaiwasha, hata root akijaribu kuongeza au kufuta kanuni ataambiwa mfumo uko katika hali isiyobadilika. Iweke peke yake katika 99-finalize.rules, na usiiweke hadi kanuni zako zimekaa wiki mbili hivi bila malalamiko, la sivyo kila marekebisho yatadai kuwasha seva upya. Tena isikupe usingizi: root bado anaweza kuhariri faili na kuwasha seva upya. Tofauti ni kwamba kuwasha upya kunaonekana na kila mtu.

Ukiwa hapo, ongeza kwenye mstari wa kuanzishia keneli:

`grubby --update-kernel=ALL --args="audit=1 audit_backlog_limit=8192"`

Kwenye Ubuntu maneno hayo huenda ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX katika /etc/default/grub, kisha `update-grub`. Bila audit=1, michakato iliyoanza kabla ya auditd inaweza kukosa kufuatiliwa. Kikomo cha foleni nacho ni kwa ajili ya wingi wa matukio wakati seva inainuka.

SWALI: Namba iliyo kwenye mabano ya msg=audit ndiyo saa? Na mbona proctitle ni herufi zisizosomeka? — Mwanafunzi, Kasarani

JIBU: Ndiyo. Katika `audit(1700000000.412:5831)`, sehemu ya kabla ya nukta ni sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa ya UTC, 412 ni milisekunde, na 5831 ni namba ya tukio. Rekodi zote zenye namba na saa moja ni za tukio moja. `date -d @1700000000` kwenye seva iliyowekwa saa za Nairobi itakupa 15 Novemba 2023, 01:13:20, yaani saa saba na dakika 13 usiku. Ukiandika ripoti baki na mtindo wa saa 24 na utaje EAT (saa za Afrika Mashariki). Tumeona "saa saba" ikisomwa na wakili kama saa za mchana.

Proctitle, yaani maneno ya amri yenyewe, huandikwa kwa heksa (namba za msingi wa 16) kwa sababu kati ya maneno ya amri kuna baiti sifuri. 636174002F6574632F736861646F77 ni cat, sifuri, kisha /etc/shadow. Usijisumbue kuifumbua kwa mkono, `ausearch -i` hufanya hivyo. Ila fanya kwenye seva ileile: -i hutafsiri namba za watumiaji kwa /etc/passwd ya mashine unayotumia, na ukihamishia faili kwenye kompyuta yako, 1004 inaweza kugeuka jina la mtu asiyehusika. Kuliepuka hilo, hakikisha auditd.conf ina `log_format = ENRICHED`, ili majina yaandikwe wakati wa tukio lenyewe.

SWALI: Mwenye root anaweza kufuta /var/log/audit lote. Sasa ukaguzi unamlinda nani? — P.M., Westlands

JIBU: Swali zuri, na jibu ni kwamba kumbukumbu isiyotoka kwenye seva inawalinda tu dhidi ya wasio na root. Ipelekeni kwenye mashine nyingine, yenye msimamizi mwingine. Hilo la pili ndilo watu huliruka: wakiwa na funguo za mashine zote mbili, mmeongeza kazi ya kufuta mara mbili tu.

Kwenye seva inayopokea, ndani ya auditd.conf wekeni `tcp_listen_port = 60`, mwanzishe auditd upya, na fayawoli iruhusu poti hiyo kutoka anwani za seva zenu pekee. Kwenye seva inayotuma, /etc/audit/plugins.d/au-remote.conf iwe na `active = yes`, na /etc/audit/audisp-remote.conf iwe na:

`remote_server = 10.20.0.5`
`port = 60`
`mode = forward`
`queue_file = /var/spool/audit/remote.log`

Kwenye matoleo ya zamani, kama RHEL 7, saraka ni /etc/audisp/. Bila mode = forward foleni hukaa kwenye kumbukumbu ya muda; faiba ikikatwa na wachimba mtaro na seva ikazimika kabla ya laini kurudi, rekodi zimekwenda. Wekeni pia `name_format = HOSTNAME` ili kila rekodi ibebe jina la seva yake, mtafute kwa `ausearch --node`.

Tahadhari: njia hii kwa kawaida ni TCP isiyofichwa. Ina uwezo wa Kerberos (mfumo wa uthibitishaji), lakini kama hamna Kerberos tayari, pitisheni kwenye njia iliyofichwa ya WireGuard, au tumieni kiongezi cha syslog na rsyslog yenye TLS kwenye poti 6514. Kwenye mtandao wa ofisi unaotumiwa na wageni, msikubali kuipeleka uchi.

Kila asubuhi mtu wa upande wa kupokea aendeshe `ausearch --start yesterday -m DAEMON_END,DAEMON_ABORT,CONFIG_CHANGE -i`. Hizo ndizo rekodi za ukaguzi kuzimwa au kanuni kubadilishwa. Seva iliyonyamaza kabisa nayo ni habari.

Mkitarajia kufika mahakamani, Sheria ya Ushahidi ya Kenya katika kifungu cha 106B inataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa na kifaa kilichohusika. Fanyeni `sha256sum` ya faili siku mnayolinakili, muandike nani alilinakili na saa ngapi, na kuanzia hapo mfanyie kazi nakala.

SWALI: Meneja anataka kila kitu wasanidi wanachobofya kirekodiwe. Je, nywila zao pia zitaonekana? Na sheria inaruhusu? — Dada wa DevOps, Upper Hill

JIBU: Kitakachorekodi mibofyo ni pam_tty_audit. Ongeza mwishoni mwa /etc/pam.d/sshd:

`session required pam_tty_audit.so disable=* enable=root,deploy`

Kisha usome kwa `aureport --tty`. Jina linalowekwa ni la akaunti inayoingia. Kinachoandikwa wakati skrini haionyeshi herufi, yaani nywila, hakirekodiwi isipokuwa uongeze log_passwd. Usiiongeze.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko kwa execve. Msanidi akiandika `mysql -u app -pSiri123`, nywila hiyo inaingia kwenye rekodi ya EXECVE kama ilivyo, inasafiri hadi seva ya kupokea, na inakaa huko mwaka mzima. Wahamishieni kwenye ~/.my.cnf yenye ruhusa 600 kabla ya kuwasha kanuni hiyo.

Kuhusu sheria, kumbukumbu zinazomtaja mfanyakazi ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Waambieni mapema mnakusanya nini, kwa sababu gani, nani anasoma na zinafutwa lini, na iwe kwa maandishi. Sheria hiyohiyo ndiyo inayowapa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data mnapogundua data imevuja na kuna hatari ya kweli kwa wenye data; anayeichakata kwa niaba ya mwingine ana saa 48 kumwarifu mwenye jukumu. Saa 72 ni chache sana kama kumbukumbu zenu zinaishia dakika 23. Kurekodi mibofyo ya kila mtu, kwa maoni yetu, ni kupita kiasi; akaunti zinazogusa mazingira ya uzalishaji zinatosha.

SWALI: Sisi tunatumia FreeBSD kama lango la mtandao. auditd ya Linux haipo. Tufanyeje? — Shule moja, Thika Road

JIBU: Ipo auditd, ila ni nyingine kabisa, jina tu limefanana. FreeBSD hutumia OpenBSM, yenye asili katika BSM ya Solaris. Iwasheni hivi:

`sysrc auditd_enable="YES"`
`service auditd start`

Mipangilio iko /etc/security/audit_control. Huku hamwandiki kanuni za faili moja moja, mnachagua makundi ya matukio: lo ni kuingia na kutoka, aa uthibitishaji, ad vitendo vya usimamizi, ex kuendesha programu, fc kuunda mafaili, fd kuyafuta, fw kuyaandika. Alama ya + mbele ni mafanikio tu, - ni kushindwa tu. Kwa lango, mstari wa `flags:lo,aa,ad` unatosha. Jihadharini na `expire-after:10M` ya kawaida: jumla ya kumbukumbu ikipita MB 10, za zamani zinafutwa. Andikeni `expire-after:60d AND 1G`, kisha `audit -s` isome mipangilio upya.

Ili kuona amri za wasimamizi, tumieni /etc/security/audit_user:

`otieno:lo,ad,+ex:no`

Watu huandika root hapo na kushangaa mbona hawaoni kitu. Kitambulisho cha ukaguzi ni cha yule aliyeingia na hakibadiliki kwa `su`, hivyo mstari wa root unawahusu tu wanaoingia moja kwa moja kama root. Taja kila msimamizi kwa jina. Na mabadiliko hayamgusi aliye ndani tayari, hadi atoke na kuingia tena.

Mafaili ni ya mfumo wa binari, kwa hiyo `cat` haitasaidia. Someni kwa `auditreduce -u otieno /var/audit/current | praudit -l`. Mnaweza pia kutazama moja kwa moja kwa `praudit /dev/auditpipe`, lakini kama mmewasha kundi la matukio ya mtandao msifanye hivyo kupitia ssh: kila mstari unaoonyeshwa ni data inayotumwa mtandaoni, ambayo nayo inazaa tukio, linaloonyeshwa, na hivyo hivyo hadi mkate kikao.